Familia ya Alizeti na Majina ya Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni ya aina mbili zinazoonekana kuwa mbali: namna wanabotania wanavyoipanga familia ya deizi, na asili ya majina ya watu yaliyoingia katika mimea hiyo au yaliyotoka humo. Yamewekwa pamoja kwa sababu anayeuliza la kwanza mara nyingi hurudi na la pili. Akishaambiwa kwamba dahlia na zinia ni ndugu, hutaka kujua Dahl na Zinn walikuwa nani.

## Mambo ya msingi

1. Familia ya deizi ni ipi, na kwa nini wengine huiita familia ya alizeti?

Ni ukoo mmoja mkubwa wa mimea itoayo maua, ambao kwa Kilatini cha wanabotania huitwa Asteraceae. Spishi zake hukadiriwa kuwa zaidi ya 25,000, na hesabu nyingine hufika takribani 32,000. Katika mimea yote itoayo maua, ni familia ya okidi pekee inayoweza kushindana nayo kwa wingi.

Kila lugha huchukua mmea inaoufahamu zaidi na kuufanya kinara wa ukoo. Waingereza walimchukua deizi, *Bellis perennis*, ua dogo la ukingo mweupe na kitovu cha njano linaloota katikati ya nyasi fupi. Msomaji wa Kiswahili huelewa haraka zaidi akitajiwa alizeti, na ukurasa huu unatumia majina yote mawili bila kuyatofautisha. Wamo pia letasi, pareto, krisanthemumu, mchunga, kishona nguo anayeng'ang'ania suruali ya mpita njia, bangi mwitu, ambayo haina undugu wowote na bangi, na gugu karoti, ambalo vilevile si ndugu wa karoti.

2. Kwa nini inasemwa kwamba ua la alizeti si ua moja?

Kwa sababu ni mamia ya maua yaliyokaa kwenye kitako kimoja. Hili ndilo jambo la kwanza la kushika, maana uainishaji wote wa familia unaanzia hapo, na njia bora ya kulielewa ni kutumia kisu.

Chukua kichwa cha alizeti kilichochanua nusu, ukikate katikati kuanzia juu hadi kwenye kikonyo. Utaona kitako cheupe kama sifongo, na juu yake vijiua vyembamba vilivyosimama bega kwa bega. Chomoa kimoja kwa kucha. Chini kabisa kina kibegu laini, cheupe bado; juu yake kuna mrija wa njano wenye meno matano mdomoni; ndani ya mrija huo kuna mrija mwingine mwembamba wa rangi ya kahawia iliyokoza. Ukichomoa kijiua cha safu za nje, utakuta vindimi viwili vimejikunja nje ya mrija wa ndani. Safu inayofuata kuelekea ndani, vindimi havijafunguka, ila chavua ya njano imekwisha kusukumwa juu. Katikati kabisa vijiua vyote vimefumba. Kichwa huchanua kutoka ukingoni kwenda ndani, siku baada ya siku, na mkato mmoja wa kisu hukuonyesha umri wote huo kwa pamoja.

Zile zinazodhaniwa kuwa petali za njano nazo ni vijiua, kila kimoja na mrija wake uliopasuka upande mmoja na kulala kama ulimi. Katika alizeti vijiua hivyo vya ukingoni ni tasa. Kazi yake ni kuita wadudu. Magamba ya kijani yanayokifunika kichwa kwa chini si sepali bali ni majani yaliyobadilika umbo. Ukihesabu mizunguko ya vijiua vya katikati, kwa kawaida utapata namba kama 34 kwa upande mmoja na 55 kwa upande mwingine.

3. Nitaujuaje mmea wa familia hii nikiukuta porini?

Kichwa cha vijiua vingi ni dalili nzuri, lakini hakitoshi. Skabiosa, mmea wa familia nyingine kabisa, una kichwa kinachofanana sana na cha deizi na huwadanganya hata watu wenye uzoefu. Alama ya kuaminika zaidi ni ule mrija wa kahawia uliotajwa katika swali la 2. Vifuko vitano vya chavua vimeshikana ubavu kwa ubavu na kufanya bomba. Chavua humwagika ndani ya bomba hilo, kisha shingo ya ovari hurefuka na kuisukuma nje kama mchi unavyopita kinuni. Katika skabiosa vifuko vya chavua vimesimama kila kimoja peke yake.

Alama nyingine ni kwamba ovari iko chini ya kijiua, na kwamba tunda ni kavu na lina mbegu moja tu. Kile tunachokiita mbegu ya alizeti ni tunda zima, na ganda tunalolitema ni ukuta wa tunda hilo. Sehemu ambako sepali zingekuwapo, mimea mingi ya familia hii ina nywele za kupepea, miiba yenye ndoana, au vigamba. Nywele huipeleka mbegu ya mchunga hewani, na kishona nguo hutumia miiba yake kukupa kazi ya kuisambaza wewe mwenyewe.

4. Asteraceae na Compositae ni familia mbili?

Ni moja. Compositae ni jina la zamani zaidi, lenye maana ya "zilizounganishwa", kwa kurejelea vijiua vinavyokaa pamoja. Kwa kanuni ya jumla, jina la familia hutokana na jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) mojawapo iliyomo, hapa *Aster*, na kuishia na -aceae. Familia chache zilizokuwa na majina yaliyozoeleka mno ziliruhusiwa kuendelea nayo, na hii ni mojawapo. Mwandishi anaweza kutumia lolote kati ya mawili, mradi asiyachanganye katika maandishi yale yale.

## Uainishaji

5. Familia kubwa hivyo imegawanywaje?

Imegawanywa katika nusufamilia, na nusufamilia katika makabila. Naam, wanabotania nao wana makabila, na alizeti na deizi ni wa makabila mawili tofauti ndani ya nusufamilia moja, Asteroideae, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote.

Carl Linnaeus wa Uswidi, katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliipanga mimea kwa kuhesabu stameni, yaani viungo vya kiume vya ua vinavyobeba chavua, na kutazama zilivyokaa. Kwa kuwa familia hii ina stameni zilizoshikana, karibu yote iliangukia katika daraja moja, Syngenesia, na safari hii mpango wake wa kuhesabu, ambao kwingineko uliwatenganisha ndugu, ulipatia. Aliyeingia ndani zaidi ni Mfaransa Henri Cassini, mtoto wa ukoo maarufu wa wanaastronomia ambaye kazi yake ya mshahara ilikuwa ya sheria. Mwanzoni mwa karne ya 19 alichunguza vindimi, vifuko vya chavua na maumbo mengine madogo ya kijiua kimoja kimoja, akaigawa familia katika makabila, na sehemu kubwa ya makabila yake bado yanatambuliwa. Aliaga dunia mwaka 1832 kwa kipindupindu. Mwingereza George Bentham aliyapanga upya makabila hayo kuwa 13 mwaka 1873, na mpango wake ulitumika kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1987, Robert Jansen na Jeffrey Palmer walitangaza kwamba katika DNA ya kloroplasti ya mimea hii kuna kipande cha herufi takribani 22,000 kilichogeuzwa, yaani kinasomeka kinyume kikilinganishwa na mimea mingine. Waliukuta mgeuko huo katika makabila yote waliyoyapima, isipokuwa kundi moja dogo la vichaka vya Amerika ya Kusini lenye jenasi *Barnadesia*. Maana yake ni kwamba kundi hilo lilijitenga na wengine kabla mgeuko haujatokea. Ni tawi la kwanza la ukoo, na ni moja ya sababu zinazowafanya wataalamu waitafute asili ya familia nzima huko Amerika ya Kusini. Bentham alikuwa ameliweka kundi hilo ndani ya kabila jingine bila kulishuku. Leo lina nusufamilia yake, Barnadesioideae, na nusufamilia zote zimezidi kumi. *Barnadesia* yenyewe ni kumbukumbu ya Miguel Barnades, daktari na mwanabotania wa Hispania. Mtu aliyefariki mwaka 1771 jina lake limekaa kwenye shina la mti wa ukoo uliochorwa kwa DNA.

6. Kwa nini majina ya kisayansi hubadilika kila mara?

Kwa sababu jina la jenasi ni dai la undugu, na dai likionekana si kweli, jina hulifuata. Malalamiko juu ya jambo hili ni mengi na kwa kiasi fulani ni ya haki. Lakini asiyetaka majina yabadilike anaomba, bila kujua, kwamba makosa ya Linnaeus yahifadhiwe.

Mfano mkubwa ni *Aster*. Zamani jenasi hii ilibeba mimea ya Ulaya, Asia na Amerika kwa pamoja. Mwaka 1994 Guy Nesom aliitoa karibu yote ya Amerika na kuigawa katika jenasi nyingine, kubwa yao ikiwa *Symphyotrichum*, jina ambalo wauza maua hawajalisamehe hadi leo. Mmea wenye majani machungu uliojulikana kama *Vernonia amygdalina* sasa wataalamu wengi huuita *Gymnanthemum amygdalinum*. Pareto ilikuwa *Chrysanthemum*. Sasa ni *Tanacetum cinerariifolium*.

Safari nyingine mambo hugeuka yakarudi. Krisanthemumu ya bustanini iliwahi kutolewa katika jenasi *Chrysanthemum* na kuitwa *Dendranthema*, kwa kuwa jina la awali kisheria lilikuwa la mmea mwingine. Kelele zilikuwa kubwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 jina *Chrysanthemum* lilirudishwa kwa ua ambalo dunia nzima imezoea kuliita hivyo. Kanuni zinaruhusu jina kulindwa kwa namna hiyo pale hasara ya kulibadili inapozidi faida.

7. Jina kama *Stevia rebaudiana* (Bertoni) Bertoni linasomwaje?

Neno la kwanza ni jenasi, la pili ni kitambulisho cha spishi, na yanayofuata ni majina ya waliolitoa. Mabano yanaonyesha kwamba aliyeuelezea mmea mara ya kwanza aliuweka katika jenasi nyingine, na jina lililo nje ya mabano ni la aliyeuhamishia hapa. Moisés Santiago Bertoni aliuelezea mwaka 1899 kama spishi ya *Eupatorium*, kisha yeye mwenyewe akauhamisha. Ndiyo maana anaonekana mara mbili.

Jina hili linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu lina watu watatu. *Stevia* inamkumbuka Pedro Jaime Esteve, daktari wa Valencia wa karne ya 16. *Rebaudiana* inamkumbuka Ovidio Rebaudi, mkemia wa Paragwai. Bertoni ndiye aliyeandika. Wasiotajwa popote ni Waguarani, wenyeji wa huko Paragwai, ambao walikuwa wakiyatumia majani hayo matamu muda mrefu kabla ya Bertoni na ambao ndio waliomfanya ausikie mmea huo. Majina ya kisayansi yana ukarimu, lakini ukarimu wake una mipaka inayoonekana.

## Watu waliomo katika majina ya mimea

8. Dahlia limetokana na nani?

Limetokana na Anders Dahl, Mswidi aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus. Alizaliwa mwaka 1751, akafariki mwaka 1789. Ua lenyewe ni la Meksiko. Mbegu zilifika katika bustani ya kifalme ya Madrid, na Antonio José Cavanilles akalitangaza jina *Dahlia* mwaka 1791, miaka miwili baada ya kifo cha Dahl.

Baadaye Mjerumani Carl Ludwig Willdenow aliona jina hilo limekwisha kutumiwa kwa mmea mwingine, akalibadili kuwa *Georgina* kwa heshima ya Johann Gottlieb Georgi, msafiri na mwanasayansi aliyefanya kazi Urusi. Mabadiliko hayo hayakudumu katika sayansi, lakini Warusi waliyapokea wakayashika, na mpaka sasa dahlia kwao ni *georgin*. Ua moja limebeba kumbukumbu za watu wawili, kila mmoja upande wake wa mpaka wa lugha.

9. Na Zinnia, Rudbeckia, Gerbera na Gazania?

Zinia ni ya Johann Gottfried Zinn, Mjerumani aliyefariki mwaka 1759 akiwa na umri wa miaka 31. Mwaka 1755 alichapisha kitabu juu ya muundo wa jicho la binadamu, na nyuzi laini zinazoshikilia lenzi ya jicho bado zinaitwa kwa jina lake. Anayetazama zinia anamtumia Zinn mara mbili.

*Rudbeckia* ni ya baba na mwana, Olof Rudbeck mkubwa na mdogo, wote wa Uppsala. Mkubwa alianzisha bustani ya mimea ya chuo kikuu mwaka 1655, na moto uliouteketeza mji mwaka 1702 uliangamiza sehemu kubwa ya kazi yake juu ya mimea. Mdogo alimchukua Linnaeus, wakati huo kijana asiye na kitu, akampa kazi ya kuwafundisha watoto wake. Linnaeus hakusahau. Jina hilo ni la heshima, na pia ni la shukrani ya mtu aliyepewa chakula na paa.

*Gerbera* ni ya Traugott Gerber, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Moscow. *Gazania* kwa kawaida huelezwa kuwa ya Theodorus Gaza, Mgiriki wa karne ya 15 aliyeyatafsiri kwa Kilatini maandishi ya Theophrastus, Mgiriki wa kale, juu ya mimea. Wapo wanaolihusisha na neno la Kilatini *gaza*, hazina, na rangi za ua hilo zinawapa nguvu. Mimi huegemea kwa mfasiri.

10. Je, kila jina la jenasi linaloishia na -ia ni la mtu?

Hapana, na baadhi ni ya watu ambao hawakuwahi kuishi. *Tithonia*, alizeti pori, inatokana na Tithonus wa hadithi za Kigiriki, aliyependwa na mungu wa alfajiri na kuombewa asife, ila aliyemwombea akasahau kuomba asizeeke. *Achillea* ni ya Achilles, ambaye alisimuliwa kuwa aliwatibu askari wake kwa mmea huo. *Centaurea* inarudi kwa Chiron, nusu mtu nusu farasi, na *Tagetes*, jenasi ya bangi mwitu, kwa Tages, ambaye Waetruski waliamini kwamba alichomoza kutoka kwenye mfuo wa jembe.

*Artemisia* ina mgogoro. Tangu zamani za Warumi kulikuwa na maelezo mawili: moja linamtaja mungu Artemis, lingine malkia Artemisia wa Caria, mke wa Mausolus, yule ambaye kaburi lake lilizaa neno la Kilatini la makaburi makubwa. *Eupatorium* ina uhakika zaidi. Ni ya Mithridates Eupator, mfalme wa Ponto aliyejulikana kwa kuchunguza sumu na dawa zake. *Parthenium* haina mtu: inatokana na neno la Kigiriki la mwanamwali.

11. Kuna jenasi zilizopewa majina ya wanawake?

Zipo, ingawa chache ukilinganisha. *Lasthenia*, jina lililotolewa na Cassini, ni ya mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wa Plato. Ninayempenda zaidi ni *Eastwoodia*, kichaka cha California chenye vichwa vya njano visivyo na vijiua vya ukingoni, kilichopewa jina la Alice Eastwood mwaka 1894. Eastwood aliongoza idara ya mimea ya jumba la sayansi huko San Francisco, na kinyume cha mazoea ya wakati huo alikuwa ametenga sampuli za msingi, zile ambazo jina la kila spishi hutegemea, mahali pamoja. Tetemeko la mwaka 1906 lilipovunja ngazi za jengo na moto ukawa unakaribia, alipanda hadi ghorofa ya sita kwa kushika vyuma vya ngazi iliyoanguka, akazifunga na kuziteremsha kwa kamba. Sampuli 1,497 ziliokolewa. Mali zake mwenyewe ziliungua.

Kwa upande wa sarufi, jina la jenasi linalotokana na mtu huchukua umbo la kike bila kujali jinsia yake. Jinsia huonekana katika neno la pili: mwanamume kwa kawaida hupata -i au -ii, mwanamke -ae au -iae, wanaume wengi au kundi mchanganyiko -orum, na wanawake wengi -arum. Neno likiwa kivumishi, hufuata jinsia ya jenasi. Ndiyo maana kuna *Hieracium attenboroughianum*, mmea mdogo wa Wales uliopewa jina la mtangazaji David Attenborough, wenye mwisho wa -um.

12. Ni kweli Linnaeus alitumia jina la mmea kumtukana mtu?

Hadithi ya *Sigesbeckia* husimuliwa hivyo. Johann Siegesbeck, aliyeishi St. Petersburg, aliushambulia mpango wa Linnaeus wa kuainisha mimea kwa viungo vya uzazi, akiuona kuwa ni wa aibu. Jina lake limekaa kwenye gugu lenye vichwa vidogo na magamba yanayonata kama gundi. Ugomvi ulikuwepo na gugu lipo. Anayetaka kuunganisha hayo mawili kwa nia ya Linnaeus anaingia moyoni mwa marehemu. Kwa vyovyote, kanuni za leo hazipimi nia. Jina lililotangazwa sawasawa hubaki.

13. Jina la mtu likiandikwa vibaya, linaweza kusahihishwa?

Kosa dogo la tahajia au la mwisho wa neno linaweza. Kosa la kumtaja mtu asiyehusika haliwezi. Katika visiwa vya Galápagos kuna jenasi *Scalesia*, miti na vichaka vya familia ya alizeti vilivyotawanyika na kugawanyika kisiwa kwa kisiwa kama ndege wa Darwin. Mskoti George Arnott alikusudia kumheshimu William Alexander Stables, lakini alilisoma vibaya jina lake likawa Scales. Kosa liligunduliwa baada ya kuchapishwa. Stables hakuupata mti, na Scales alipewa misitu mizima bila kuwapo.

Majina yanayoudhi ni suala jingine. Kongamano la kimataifa la botania lililofanyika Madrid mwaka 2024 liliamua kwamba vitambulisho vya mimea vilivyojengwa juu ya *caffra*, tusi la kibaguzi dhidi ya Waafrika weusi, viandikwe *affra*. Ni mara ya kwanza kanuni kubadili majina kwa sababu ya maana yake, na mjadala juu ya mengine haujafungwa.

14. Mtu anaweza kuupa mmea jina lake mwenyewe?

Ni nadra kufanyika, kwa kuwa huonekana kuwa ni majivuno. Njia ya kawaida ni kusubiri rafiki akufanyie. Hata *Linnaea*, ambayo si ya familia hii, ilitangazwa kupitia kwa Gronovius, mwanabotania wa Uholanzi aliyekuwa rafiki wa Linnaeus.

## Mimea iliyomo katika majina ya watu

15. Kwa nini Daisy ni jina la utani la Margaret?

Neno la Kiingereza *daisy* lilitokana na maneno mawili ya kale yenye maana ya "jicho la mchana", kwa sababu ua hilo hufumba usiku na kufumbua asubuhi. Margaret ni jina tofauti kabisa: ni la Kigiriki, *margarites*, maana yake lulu, na Wagiriki nao wanaaminika kulichukua kutoka lugha za upande wa Uajemi. Kilichounganisha mawili hayo ni Kifaransa. Katika lugha hiyo *marguerite* lilimaanisha lulu, kisha likawa pia jina la deizi, lililo jeupe na mviringo kama lulu. Waingereza waliokuwa na binti Margaret wakalijua neno la Kifaransa, wakamwita Daisy.

Kiungo hiki ni cha zamani. Margaret wa Anjou, aliyeolewa na mfalme wa Uingereza mwaka 1445, alitumia deizi kama nembo yake. Margaret wa Connaught, aliyeolewa na mrithi wa ufalme wa Uswidi, aliitwa Daisy na jamaa zake, na jina hilo la nyumbani lilimfuata pia mjukuu wake, Margrethe wa Pili wa Denmark.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna ladha ya ziada. Lulu ni jina la mtoto wa kike, limetoka Kiarabu, na kwa maana ni pacha wa Margaret. Marjani nalo ni neno la Kiarabu ambalo wanaisimu wengi huliunganisha, kupitia Kiaramu, na ile ile *margarites*, ingawa maana yake imehama kutoka lulu hadi kito chekundu cha baharini. Mama mwenye watoto Lulu, Marjani, Magreti na Daisy anaita karibu jina moja mara nne.

16. Binti anayeitwa Dalia au Aster ana jina la ua?

Si lazima. Dalia, kwa Kiarabu na Kiebrania, ni neno la kale linalohusu mzabibu na matawi yake yanayoning'inia. Lilikuwepo karne nyingi kabla ya Anders Dahl wa swali la 8. Aster wa Ethiopia na Eritrea ni Esta wa Biblia. Jina la ua *Aster* ni neno la Kigiriki la nyota. Wapo wanaoliunganisha jina la Esta na neno la Kiajemi la nyota, na kama ni hivyo mawili hayo hukutana huko mbali. Lakini aliyempa binti yake jina hilo alikuwa akimfikiria malkia, si ua.

17. Ni majina gani mengine ya watu yaliyotoka katika familia hii?

Kiingereza kina Marigold, ambalo ndani yake kuna Maria na dhahabu, kwa hiyo ni jina la mtu lililopewa ua na baadaye likarudi kwa mtu. Zinnia na Dahlia hutumika kwa njia hiyo hiyo, na waliozipewa kwa kawaida hawajui kwamba wanaitwa kwa majina ya ukoo ya wanaume wawili. Kijapani kina Kiku na Kikuko, yenye neno la krisanthemumu, ua ambalo umbo lake la petali 16 ni muhuri wa mfalme wa Japani.

Tansy ni la kuangaliwa zaidi. Limepitia Kifaransa cha kale kutoka *athanasia*, kutokufa, na hivyo ni ndugu wa jina Atanasi. Mmea huo ni *Tanacetum vulgare*, na jina la jenasi huelezwa kwa asili hiyo hiyo. Pareto, ambayo tunaivuna ili iue wadudu, imesajiliwa katika jenasi ya kutokufa.

18. Susan wa "Susan mwenye jicho jeusi" ni nani?

Hakuna Susan mmoja. Waingereza na Wamarekani hulitumia jina hilo kwa *Rudbeckia hirta*, yenye kitovu cha kahawia iliyokoza, na pia kwa mmea utambaao *Thunbergia alata*, ambao si wa familia hii hata kidogo. Majina ya mitaani hayafuati undugu, na ndiyo sababu ya kuwa na yale ya Kilatini. Susan mwenyewe ni Susana, kutoka neno la Kiebrania la yungiyungi: jina la ua moja lililopewa mtu, kisha likawekwa juu ya ua jingine.

19. Yasmini, Asumini na Waridi je?

Ni majina ya maua, lakini si ya familia hii. Asumini, ambaye ndiye Yasmini, ni ndugu wa mzeituni, na waridi ni ndugu wa tufaha. Ukilikata ua la asumini kwa kisu cha swali la 2, utakuta ua moja.